Maisha ya William Blake, Fundi Aliyemfundisha Mkewe Kusoma

Wengi wetu tuliopita shule za zamani tulilikuta jina la William Blake chini ya shairi la Kiingereza la chui milia. Tulilikariri, tukalinakili katika madaftari yetu, kisha kengele ikalia tukaenda somo lingine. Hakuna aliyetuambia kwamba mtu yule alikuwa fundi aliyepata chakula chake kwa kuchonga mabamba ya shaba, wala kwamba alikuwa na mke. Tena lau si mke huyo, habari za mume zingalikuwa chache sana leo. Kwa hiyo, ndugu msomaji, nitawaeleza wote wawili pamoja, maana kuwatenganisha ni vigumu.

Blake alizaliwa London tarehe 28 Novemba 1757, katika barabara ya Broad Street, mtaa wa Soho, ambako baba yake alikuwa na duka la soksi. Tarehe 11 Desemba mwaka ule ule alibatizwa katika kanisa la Mt. Yakobo, Piccadilly, kwenye birika la ubatizo la marumaru lililochongwa na fundi mashuhuri Grinling Gibbons. Birika hilo lipo hata leo.

Mtoto huyu hakupelekwa shule ya kawaida. Alifundishwa kusoma na kuandika nyumbani, na mapema sana akaizoea Biblia. Alipokuwa na miaka 8 hivi au 10 alirudi kutoka matembezi ya upande wa Peckham Rye akasema ameona mti uliojaa malaika. Baba yake alitaka kumchapa kwa kusema uongo, lakini mama akamwombea. Hata alipokuwa mzee, mkewe alimkumbusha mbele ya mgeni kwamba mara ya kwanza alipomwona Mungu alikuwa na miaka 4 tu, akapiga kelele kwa hofu. Wako waliomwita kichaa kwa ajili ya mambo haya. Mimi niliyekaa na watoto darasani miaka mingi nasema mtoto anayeona mengi asichapwe upesi. Wala sisemi kwamba kila alichokiona Blake tukipokee kama mafundisho ya Kanisa. Yeye alikuwa mchoraji, si askofu.

Alipotimiza miaka 10 alipelekwa shule ya kuchora ya Bwana Henry Pars. Mwaka 1772, akiwa na miaka 14, aliwekwa kwa fundi James Basire ajifunze kuchonga picha juu ya shaba. Muda wa kujifunza ulikuwa miaka 7, na ada gini 50, gini moja ikiwa ni pauni 1 na shilingi 1. Siku zile hapakuwa na kamera. Picha yoyote iliyotakiwa kuingia kitabuni, iwe ya ua, ya meli au ya uso wa mfalme, ilikuwa haina budi kuchongwa kwa mkono, mstari kwa mstari, kwa chuma chenye ncha kali, ndipo ipigwe chapa. Basire alimtuma kijana huyu katika kanisa la Westminster Abbey achore makaburi ya wafalme wa kale. Ukitazama picha alizozifanya uzeeni, zile kanzu ndefu zilizonyooka na zile nyuso tulivu, utajua zilitoka wapi. Mwaka 1779 alipokewa katika shule ya Royal Academy, lakini kazi iliyomlisha mpaka kufa ilikuwa ile aliyojifunza kwa Basire.

Ng'ambo ya mto Thames, katika kijiji cha Battersea ambacho siku hizi kimemezwa na jiji, palikuwa na mkulima wa mboga jina lake William Boucher, mwenye watoto wengi. Binti yake mmoja aliitwa Catherine, aliyezaliwa tarehe 25 Aprili 1762. Blake alifika kwao akiwa na huzuni, kwa sababu msichana mwingine aliyempenda alikuwa amemkataa na kumdharau. Akasimulia yaliyompata, na Catherine akamsikitikia kwa moyo. Blake akamwuliza kama kweli anamhurumia. Alipokubali, Blake akamwambia kwamba basi kwa sababu hiyo yeye anampenda.

Ndoa ilifungwa tarehe 18 Agosti 1782 katika kanisa la Mt. Maria, Battersea, kando ya mto. Bwana arusi alikuwa na miaka 24, bibi arusi 20. Daftari la ndoa limehifadhiwa. Blake aliweka sahihi yake, na Catherine aliweka alama ya X.

Juu ya alama hiyo nataka niseme kidogo, maana wengine huitaja kana kwamba ni aibu ya familia. Haikuwa aibu. Uingereza ya wakati ule ilikuwa na maharusi wengi waliotia alama hivyo hivyo, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Binti wa mkulima alitakiwa shambani na jikoni. Sisi tuliofundisha madarasa ya watu wazima katika miaka ya 1970 tunaijua sana alama hiyo, na kidole gumba kilichotiwa wino pia. Twajua vilevile kwamba mama anayeitia si mjinga. Anajua kuhesabu fedha, anajua ukoo wa mumewe hadi kizazi cha tatu, na tenzi za ibada anaziimba bila kitabu. Anachokosa ni mtu wa kuketi naye.

Blake aliketi naye. Hakumtafutia mwalimu mwingine, wala fedha ya mwalimu haikuwapo. Alimfundisha kusoma na kuandika, kisha kuchora, kisha kupaka rangi, kisha kuutumia mtambo wa kupigia chapa. Mwenye kufundisha watu wazima atafahamu uzito wa kazi hiyo. Kumfundisha mkeo mwenyewe ni vigumu zaidi kuliko kumfundisha mgeni, kwa kuwa mgeni humaliza somo akaenda zake, na mke anabaki na wewe nyumbani, na kosa lake la mchana mnakula nalo chakula cha jioni.

Katika miaka ile ya mwanzo Blake alikuwa na mwanafunzi mwingine nyumbani, mdogo wake Robert, aliyempenda kuliko ndugu zake wote. Siku moja Catherine na shemeji yake walibishana, na Catherine akatoa maneno ambayo mumewe aliyaona makali mno. Akamwamuru apige magoti amwombe Robert msamaha, la sivyo hatauona uso wake tena. Catherine aliona hana kosa, lakini akapiga magoti akasema amekosa. Pale pale Robert akakiri kwamba mwenye kosa ni yeye. Habari hii imesimuliwa mara nyingi kwa sifa, kama mfano wa mke mtiifu. Mimi siisifu. Kumlazimisha mtu aungame dhambi asiyoitenda si malezi, hata kama anayelazimisha ni mume mwema. Naiandika kwa sababu ndoa ile ilikuwa njema, na ndoa njema nayo ina siku zake mbaya.

Robert aliugua, akafa mwezi Februari 1787. Blake alimwuguza mwenyewe, majuma mawili ya mwisho bila kulala, na baada ya kifo alilala siku tatu mfululizo. Baadaye alisema kwamba Robert alimjia katika njozi akamwonyesha namna mpya ya kupiga chapa. Inasimuliwa kwamba asubuhi yake Bibi Blake alitoka na shilingi 2 na peni 6, ambazo ndizo fedha zote zilizokuwamo nyumbani, akatumia shilingi 1 na peni 10 kununua vifaa vya kujaribia.

Namna yenyewe ilikuwa hivi. Kwa desturi fundi huchimba mistari ndani ya shaba, na wino hukaa katika mifereji hiyo. Blake aliigeuza kazi. Alichukua vanishi isiyoliwa na tindikali, akaandika shairi lake na kuchora picha zake juu ya bamba kwa kalamu na brashi, kisha akamimina tindikali. Pale palipokuwa wazi paliliwa, na maandishi na picha vikabaki vimeinuka kama herufi za mhuri. Ndipo wino ukapakwa, karatasi yenye unyevu ikalazwa juu yake, na mtambo ukazungushwa kwa mkono. Ugumu ulikuwa kwamba karatasi hutoka kinyume cha bamba, hivyo kila herufi ilibidi iandikwe imegeuzwa, kutoka kulia kwenda kushoto. Nikifikiri habari hii natabasamu. Katika nyumba moja mke alijifunza kuandika herufi zikitazama mbele, na miaka michache baadaye mume akajifunza kuziandika zikitazama nyuma.

Bibi Blake alikuwa mkono wa pili wa kazi hiyo. Alisaidia kupiga chapa, alipaka rangi kurasa kwa brashi, alikunja karatasi na kushona majalada. Rangi walizitengeneza wenyewe, wakazichanganya na gundi ya seremala iliyotiwa maji. Blake alisema siri ya gundi alifundishwa na Mt. Yosefu, ambaye kwa kweli ndiye angeijua. Hivyo ndivyo kilivyotoka mwaka 1789 kitabu cha nyimbo za watoto, na mwaka 1794 sehemu yake ya pili, ambamo mna lile shairi la chui milia. Kwa kuwa kila nakala ilipakwa rangi kwa mkono, hakuna mbili zinazofanana kabisa. Leo zimo katika majumba ya makumbusho ya Uingereza na Marekani, zikifunikwa kwa vioo na kulindwa na askari, na baadhi ya kurasa zake zilipita chini ya brashi ya yule binti wa mkulima wa mboga.

Walihamia Lambeth, wakakaa huko hadi mwaka 1800. Ilikuwa katika miaka hiyo Blake alipochonga baadhi ya picha za kitabu cha Kapteni John Gabriel Stedman juu ya koloni la Surinam, kilichotoka mwaka 1796, ambamo Waafrika watumwa wanaonekana wakifungwa na kupigwa. Biashara ya watumwa ilikuwa bado halali kwa Waingereza, na Bunge lao halikuikataza mpaka mwaka 1807. Picha zile zingali zinachapishwa katika vitabu vya historia ya utumwa, na ukiziona huzisahau upesi.

Mapato yao hayakuwa ya hakika. Tangu mwaka 1799 karani mmoja wa serikali, Thomas Butts, aliagiza picha 50 za habari za Biblia kwa gini moja kila picha, na kwa miaka mingi mteja huyu ndiye aliyeitegemeza nyumba. Miezi mingine hapakuwa na kitu. Blake hakupenda kusikia habari za fedha, alikasirika. Bibi Blake akavumbua njia ya kusema bila kusema: akiba ikiisha kabisa, wakati wa chakula aliweka mezani sahani tupu mbele ya mumewe. Mume akaelewa, akarudi kwenye shaba yake. Hata hivyo mama huyu alikuwa daima ameficha gini moja mahali, kwa siku ya shida kubwa, na mume hakujua. Akina mama wa Umoja wetu hawahitaji kuelezwa jambo hili.

Blake naye kwa upande wake alikuwa wa kwanza kuamka asubuhi, akawasha moto na kuteleka birika la maji kabla mkewe hajaamka. Akina baba wausome mstari huo mara mbili.

Usiku mwingine Blake aliamshwa na mawazo yake, yakamlazimu aketi aandike. Mke aliamka pia, akakaa karibu naye saa nyingi bila kusema neno, mkono wake mkononi mwa mumewe, maana kuwapo kwake tu kulimtuliza. Walipenda kutembea kwa miguu mashambani, hata maili 20 kwa siku moja. Hawakujaliwa mtoto. Ndugu msomaji anajua jinsi jambo hilo linavyoweza kuvunja nyumba. Nyumba hii haikuvunjika.

Mwaka 1800 tajiri mmoja mwandishi, William Hayley, aliwaalika kukaa karibu naye katika kijiji cha Felpham, pwani ya Sussex. Nyumba ilikuwa nzuri na bahari iko karibu, ila ilikuwa na unyevu, na Bibi Blake aliugua mara kwa mara. Hayley alimpa Blake kazi ndogondogo zilizomchosha roho. Mwezi Agosti 1803 askari mmoja aliingia katika bustani yao na akakataa kutoka. Blake alimshika viwiko, akamsukuma mpaka barabarani. Askari akaenda kushitaki kwamba Blake amemtukana Mfalme, na Bibi Blake naye akatajwa katika maneno ya mashtaka. Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa, na kosa la namna hiyo lilikuwa la hatari kweli. Kesi ilisikilizwa Chichester tarehe 11 Januari 1804, akaachiliwa, na watu wakashangilia. Wakati huo walikuwa wamekwisha kurudi London, katika vyumba vya South Molton Street. Mwaka 1809 alifanya maonyesho ya picha zake dukani kwa kaka yake. Watu waliofika walikuwa wachache, na gazeti moja likamwita mwendawazimu. Baada ya hapo miaka kama 10 ilipita ambayo London karibu imsahau.

Waliomtoa katika usahaulifu walikuwa vijana. Mwaka 1818 alifahamiana na mchoraji kijana John Linnell, na kwa njia yake wakaja wengine, Samuel Palmer, George Richmond, Edward Calvert, Frederick Tatham. Tangu mwaka 1821 Blake na mkewe walikaa katika vyumba viwili huko Fountain Court, karibu na barabara ya Strand. Chumba kimoja kilikuwa cha wageni. Cha pili kilikuwa cha kila kitu: pembeni kitanda, upande mwingine moto wa kupikia, na dirishani meza ya kuchongea, ambapo ukichungulia kati ya nyumba uliuona mto kidogo. Vijana wale walifika hapo kama mtu anavyokwenda chuoni. Hapakuwa na ubao wala mtihani. Walimtazama mzee akifanya kazi, wakamwonyesha zao.

Siku moja Richmond alikuja amevunjika moyo, kwa kuwa majuma mawili hakupata wazo lolote la kuchora. Blake hakumjibu. Alimgeukia mkewe akamwuliza wao wawili hufanya nini njozi zinapowaacha kwa majuma mengi. Bibi Blake akajibu kwamba hupiga magoti na kusali. Napenda kwamba swali lile alipewa yeye. Mwalimu anayemwachia mwanafunzi wake wa zamani ajibu mbele ya wapya, huyo anajua kufundisha.

Linnell hakuwa tajiri, lakini mwaka 1823 alimwagiza Blake achonge picha za kitabu cha Ayubu, kwa pauni 5 kila bamba. Zilitoka mwaka 1826, picha 21 pamoja na ukurasa wa jina. Angalia kwamba Blake hakumwacha mke wa Ayubu. Katika Biblia mama yule husema maneno machache mabaya, kisha haonekani tena. Blake alimweka kando ya mumewe tangu picha za mwanzo hadi ya mwisho, katika raha, majivuni na katika kurejezwa. Kisha Linnell akamwagiza picha za Dante, na mzee huyu aliyekuwa na miaka 66 au 67 akajifunza Kiitaliano ili amsome Dante kwa lugha yake, akachora picha 102, nyingi akiwa amelala kitandani mgonjwa.

Msomaji ataniuliza kama Blake alikuwa mtu wa kanisani. Alibatizwa kanisani na kuoa kanisani, lakini katika miaka kama 40 ya mwisho hakwenda ibadani. Aliona uchungu kwa ajili ya watoto wadogo waliouzwa na wazazi wao wasafishe mabomba ya moshi, na akawaandika waziwazi makasisi waliolinyamazia jambo hilo. Mafundisho yake mengine ni ya ajabu, na padre yeyote asingeyapitisha katika darasa la kipaimara. Lakini Bwana wetu Yesu alimpenda kwa moyo wote, na picha zake za Biblia zinashuhudia. Maneno ya shairi lake moja yalitiwa muziki na Hubert Parry mwaka 1916, na sasa yanaimbwa katika makanisa ya Uingereza kwa jina la Jerusalem. Mwenyewe asingeliota.

Katika kiangazi cha 1827 nguvu zilimwishia. Mkewe alimwuliza anataka azikwe wapi. Akajibu kwamba kwa upande wake popote ni sawa, ila kwa kuwa baba, mama na ndugu zake wamelala katika makaburi ya Bunhill Fields, afadhali naye awe huko, na ibada ya maziko iwe ya Kanisa la Kianglikana. Tarehe 12 Agosti, Jumapili, alikuwa bado anafanya kazi kitandani. Inasimuliwa kwamba aliiweka chini picha aliyokuwa akiipaka rangi, akamtazama mkewe aliyekuwa akilia karibu naye, akamwambia akae vile vile alivyo, maana siku zote amekuwa malaika kwake, naye atamchora. Akamchora. Picha hiyo imepotea. Kisha akaanza kuimba nyimbo alizozitunga mwenyewe pale pale. Alimwambia mkewe hawatatengana, kwamba atakuwa karibu naye daima kumtunza. Jioni, yapata saa 12, pumzi ikakatika kimya kimya. Alikuwa na miaka 69.

Alizikwa Ijumaa tarehe 17 Agosti, siku moja kabla ya kutimiza miaka 45 ya ndoa. Gharama zilikuwa pauni 10 na shilingi 18, na Linnell ndiye aliyekopesha. Kaburi lilikuwa la watu wengi pamoja, bila jiwe.

Hapa ndipo habari nyingi za watu mashuhuri huishia, na mjane hupewa mstari mmoja. Bibi Blake aliishi miaka 4 zaidi. Kwanza alichukuliwa na Linnell atunze nyumba yake, baadaye akamtunzia nyumba Tatham, mwisho akapanga vyumba vyake mwenyewe. Hakuwa mzigo kwa mtu. Alikuwa na mabamba ya shaba, alikuwa na picha zilizobaki, na alikuwa na ufundi mikononi. Alipiga chapa nakala mpya, alizipaka rangi, aliuza. Bwana mkubwa mmoja, Earl wa Egremont, alinunua picha moja kwa gini 80. Binti wa Mfalme George wa Tatu, Sophia, aliposikia hali yake alimpelekea pauni 100. Inasimuliwa kwamba Bibi Blake alimrudishia kwa shukrani nyingi, kwa kuwa yeye anaweza kujilisha kwa kazi yake, na wako wengine wanaozihitaji zaidi. Kama ungempa fedha hizo mjane asiye na kazi mikononi, asingeweza kuzirudisha. Hilo ni tunda la masomo yale ya nyumbani.

Mnunuzi akifika, hakukubali bei upesi. Alisema lazima kwanza amwulize Bwana Blake. Aliwaambia rafiki zake kwamba mumewe huja kila siku kuketi naye saa mbili au tatu, na kumpa shauri la kazi. Wengine walitikisa kichwa. Mwenye kuishi na mtu miaka 45 hashangai sana, maana anajua angejibu nini, na jibu linakuja na sauti yake. Wageni walipotaka habari za marehemu, yeye ndiye aliyezisimulia: mti wa malaika, fedha za mwisho, usiku wa kuandika, siku ya mwisho. Mengi niliyoyaandika hapo juu yalitoka katika kumbukumbu yake, kupitia vijana wale waliomsikiliza.

Alifariki tarehe 18 Oktoba 1831, naye akiwa na miaka 69 kama mumewe. Tunaambiwa alikuwa ametulia, akimwita mumewe kana kwamba yuko chumba cha pili, akimwambia kwamba sasa anakuja, haitakuwa muda mrefu.

Kazi zilizobaki zilimwendea Tatham. Huyu alikuja kujiunga na dhehebu jipya lililokuwa na bidii kupita kiasi, na inasemekana akachoma maandiko mengi ya Blake akidhani ni ya shetani. Kilichookoka kilitafutwa baadaye na Alexander Gilchrist, aliyeanza kuandika kitabu kikubwa cha maisha ya Blake akawahoji wazee waliomfahamu. Gilchrist alikufa mwaka 1861 kwa homa iliyoingia nyumbani mwake, kabla hajamaliza. Mkewe, Anne, alibaki na watoto wanne na karatasi za mumewe. Akazipanga, akaandika barua, akakamilisha sura zilizopungua kwa msaada wa rafiki, na kitabu kikatoka mwaka 1863. Tangu hapo ndipo dunia ilipoanza kumjua Blake.

Bibi Blake alizikwa Bunhill Fields vilevile, ila si kaburi moja na mumewe. Mwaka 2018 liliwekwa jiwe juu ya mahali penyewe alipolala Blake, baada ya watu kupima na kupatafuta. Jiwe la mwaka 1927 nalo lipo bado hatua chache kutoka hapo, na limeandikwa majina yao wote wawili.